Maswali ya Wasomaji: Kununua Bodi za Gemu za Zamani Ukiwa Safarini Ughaibuni

Tangu safu hii ilipogusia mashine za gemu za sarafu za miaka ya 1980 na 1990, tumepokea barua kutoka kwa wasomaji wa Arusha na Moshi wanaosafiri nje ya nchi na wanaotaka kurejea na bodi za mashine hizo. Kwa ambaye hakuisoma makala hiyo, bodi tunayoizungumzia ni ile saketi iliyokaa ndani ya kabati la mashine na kubeba mchezo wenyewe, yaani programu, picha na sauti. Kabati, kioo, fimbo na vitufe vilikuwa vya kudumu, na mwenye ukumbi aliweza kuvibakiza huku akibadilisha bodi peke yake pale wateja walipochoshwa na mchezo uliokuwapo. Kwa sababu hiyo msafiri wa leo anaweza kurudi na mchezo mzima ndani ya begi la mkononi.

Swali: Ndugu Mshauri, mwezi ujao nitakwenda Tokyo kwa mkutano wa kikazi wa wiki mbili, na siku za mapumziko ningependa kutafuta bodi moja au mbili za gemu za zamani, ili niziweke katika mgahawa wangu hapa mjini. Sijui Kijapani, na fedha nilizotenga si nyingi. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba sijauziwa mbuzi kwenye gunia? — *Msomaji wa Njiro, Arusha*

Jibu: Ndugu msomaji, unakwenda mahali penyewe. Space Invaders ya Taito ya mwaka 1978, Pac-Man ya Namco ya mwaka 1980 na Street Fighter II ya Capcom ya mwaka 1991 zote zilizaliwa Japani, na huko ndiko bodi za asili zinakopatikana kwa urahisi zaidi. Anzia Akihabara, mtaa wa Tokyo uliojulikana kwa vipuri vya redio tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, ambako duka liitwalo BEEP huuza kompyuta za kale pamoja na bodi za aina unayoitafuta. Ukitoka mikono mitupu, panda treni hadi Nakano, uingie katika jengo la Nakano Broadway, lenye vijiduka vingi vya vitu vya zamani. Na iwapo kazi itakufikisha Osaka, ulizia mtaa wa Nipponbashi. Maduka ya namna hii huhama na hufungwa, hivyo hakikisha anwani kabla ya kutoka hotelini, na ubebe fedha taslimu, kwa kuwa wenye vijiduka vidogo wengi huzipenda kuliko kadi. Yale maduka makubwa ya gemu yanayosifiwa na watalii ni mazuri kuyatembelea, lakini mengi yao huuza kaseti za kuchezea nyumbani, nawe hukuzifuata hizo.

Dukani utaona bodi zimegawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza limejaribiwa na muuzaji mwenyewe, naye anakuhakikishia kwamba linafanya kazi. La pili limebandikwa kikaratasi cha janku, na bidhaa yenye kikaratasi hicho inauzwa kama ilivyo na hairudishwi hata ikigoma saa hiyo hiyo. Bodi ya kundi la pili inunuliwe na fundi, tena kwa bei ya vipuri vilivyomo. Wewe, mwenye mgahawa, achana nayo.

Omba bodi iwashwe mbele yako. Muuzaji makini huwa na kifaa cha kujaribia juu ya meza, na ombi lako halitamshangaza. Usitosheke na picha ya kwanza itakayojitokeza, kwa maana kasoro nyingi hujificha mpaka chipu zipate joto. Iache iendelee kwa dakika kumi hivi, huku ukitazama kama wahusika wanakatwakatwa na mistari, kama kuna rangi iliyokosekana, na kama muziki na milio ya mapigo vinatoka vyote viwili. Kisha muombe abonyeze swichi ya ukaguzi, ambayo bodi nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 zinayo, ili mchezo ujikague kumbukumbu zake na kuonyesha matokeo kwenye kioo. Katika ukurasa huo huo utajaribu kila kitufe cha mchezaji wa kwanza na wa pili.

Baada ya hapo izimwe, uichukue mkononi, uigeuzegeuze kwenye mwanga. Tazama kwanza meno ya shaba yaliyo ukingoni, pale kiunganishi kinapochomekwa. Meno ya umeme wa volti 5 yakiwa meusi na gundi ya bodi ikiwa imebadilika rangi kuzunguka hapo, bodi hiyo imefanya kazi miaka mingi na kiunganishi kilicholegea. Haijafa, lakini bei ishuke. Igeuze nyuma. Waya mwembamba uliolazwa vizuri na kugundishwa huenda uliwekwa na kiwanda chenyewe kurekebisha kosa la usanifu, na si dosari. Ila ukiona waya za rangi mchanganyiko zilizopinda, na risasi ya kulehemu iliyomwagika kama matone ya mshumaa, ujue fundi mwenye haraka amekwisha kupita. Mwisho kagua kila betri iliyomo, ukitafuta unga wa kijani au mweupe unaotambaa juu ya njia za shaba.

Kuhusu nakala bandia, miaka ile zilitengenezwa kwa wingi, hasa Italia, Hispania na Korea, na nyingine zimezunguka dunia hadi kurudi Japani kwenyewe. Bodi ya asili kwa kawaida huwa na jina la kampuni au namba yake iliyochapwa juu ya ubao, pamoja na chipu maalumu zenye nembo ya kampuni hiyo. Nakala hukosa chipu hizo, na mahali pake hupangwa msururu wa chipu ndogo za kawaida, huku vibandiko vya kumbukumbu vikiwa vimeandikwa kwa kalamu au havipo kabisa. Sisemi usinunue nakala kamwe, na katika jibu linalofuata utaona sababu. Ninachosema ni kwamba usiilipie bei ya asili.

Uliza pia kama bodi ni ya JAMMA. Huu ni mpangilio wa kiunganishi ulioanza mwaka 1985 kwa makubaliano ya chama cha watengenezaji wa mashine za burudani wa Japani, wenye meno 56, yaani 28 kila upande, ukiwa na nafasi maalumu kwa umeme, rangi tatu za picha, sauti, na vidhibiti vya wachezaji wawili. Kabati lililofungwa nyaya za JAMMA hupokea bodi yoyote ya mpangilio huo. Bodi za kabla ya hapo, kama 1942 ya Capcom iliyotoka mwaka 1984, huhitaji kiunganishi cha kubadilishia, na kukitafuta ukiwa umekwisha rudi Arusha ni kazi ya miezi. Hata ndani ya JAMMA kuna mtego: Street Fighter II ina vitufe sita kwa kila mchezaji, wakati mpangilio wenyewe ulikusudiwa vitufe vitatu, kwa hiyo vitufe vya mateke hupitia mkanda wa nyaya wa pembeni. Bila mkanda huo wateja wako watapiga ngumi tu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mimi hulitanguliza mbele ya bei na mbele ya uasili: bodi hii ikizimika ikiwa Arusha, ni nani atakayeifufua? Bodi za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilijengwa kwa kichakataji cha Z80 au kinachofanana nacho, na kuzungukwa na chipu ndogo za familia ya 74LS ambazo bado zinauzwa na bado ni za bei nafuu. Fundi wa redio mwenye subira, mita na mchoro wa saketi anaweza kuitafuta iliyokufa na kuibadilisha. Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo kampuni zilivyobana kazi nyingi ndani ya chipu zao maalumu, na chipu hiyo ikifa tiba pekee ni kununua bodi nyingine uitoe yake.

Gumu zaidi ni zile zenye betri ya ulinzi. Katika mfumo wa CPS-2 wa Capcom, ulioanza mwaka 1993, betri hutunza funguo za kufungulia programu iliyofichwa kwa siri. Betri ikiisha, funguo zinafutika, na mchezo unakuwa kama sanduku ambalo ufunguo wake umetumbukia kisimani. Baadhi ya bodi za Sega za miaka ya 1980 nazo zina kichakataji kilichozibwa ndani ya plastiki pamoja na betri yake. Mafundi wa ughaibuni wamekwisha pata njia ya kuzirejesha funguo za CPS-2, lakini njia hiyo inahitaji vifaa na utulivu ambao sitegemei uupate siku ya Jumamosi jioni mgahawa ukiwa umejaa. Ukiipenda bodi ya namna hiyo, muulize muuzaji betri ilibadilishwa mwaka gani. Asipojua, ihesabu kuwa ni ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kwa mahitaji yako ningependekeza mfumo wa MVS wa Neo Geo, uliotolewa na SNK mwaka 1990. Ununue bodi mama ya tundu moja, kisha kaseti mbili tatu za mfumo huo, si zile za kuchezea nyumbani, ambazo kila moja hubeba mchezo wake na zina ganda gumu na hazidhuriki kirahisi safarini. Lugha ya mchezo hufuata chipu iliyo kwenye bodi mama, kwa hiyo bodi ya Japani itakuonyesha Kijapani mpaka chipu hiyo ibadilishwe. Tatizo lake kuu ni betri ya kuchajiwa iliyolehemiwa ubaoni katika matoleo mengi, ambayo ikizeeka huvuja na kula shaba iliyo jirani. Nimeona bodi moja hapa mjini ambayo njia kumi na kitu zilikuwa zimeliwa kabisa, na fundi alilazimika kusafisha kwa siki, kwa kuwa majimaji ya betri hizo ni ya asili ya magadi, kisha akaunganisha waya mmoja mmoja kama unywele. Ukikuta betri imekwisha tolewa na ubao uko safi, umepata mali.

Usivutwe na rundo la bodi za bei ya kutupwa karibu na mlango. Nyingi huwa ni michezo ya majong au ya maswali na majibu, yote kwa maandishi ya Kijapani, na ile ya majong huhitaji safu ya vitufe ambayo hakuna kabati la kawaida linayo.

Kodi ya matumizi Japani ni asilimia 10. Mgeni wa muda mfupi husamehewa katika maduka yaliyosajiliwa kwa huduma hiyo, akionyesha pasipoti na akinunua bidhaa zisizopungua yeni 5,000 kabla ya kodi. Utaratibu uliopangwa kuanza Novemba 2026 ni kulipa kodi kwanza na kurudishiwa wakati wa kuondoka nchini, hivyo angalia tarehe ya safari yako.

Swali: Ndugu Mshauri, huwa ninakwenda Guangzhou kuchukua bidhaa, na safari hii vijana wangu wameniagiza bodi ya ule mchezo wa dinosaria tuliouita Mustafa. Muuzaji niliyezungumza naye kwa simu anasema anayo bodi yenye michezo zaidi ya elfu moja, Mustafa akiwemo, kwa bei ndogo kuliko bodi moja ya zamani. Je, niichukue? Na nikileta nyingi zitauzika? — *Mfanyabiashara wa Kiboriloni, Moshi*

Jibu: Ndugu yangu, mchezo huo jina lake halisi ni Cadillacs and Dinosaurs, wa Capcom, wa mwaka 1993, na Mustapha Cairo ni mmoja wa wahusika wanne ambao mchezaji huchagua. Unachouziwa ni kitu kingine kabisa. Wilaya ya Panyu, hapo hapo Guangzhou, ni kitovu cha viwanda vya mashine za burudani, na bodi za michezo mingi ni kompyuta ndogo za kisasa zenye kiunganishi cha JAMMA na programu ya kuigiza bodi za zamani. Hazina chipu hata moja ya mwaka 1993.

Hilo halizifanyi kuwa takataka. Kwa kijana anayetaka kucheza tu, bodi hiyo huwaka, hutoa picha kwenye televisheni ya kawaida, na haina betri ya kumtia wasiwasi mtu. Ila jua unachokosa. Idadi ya michezo hujazwa kwa kurudia mchezo mmoja chini ya majina matano na kwa matoleo yaliyochezewa na watu wasiojulikana. Sauti katika baadhi ya michezo hukwaruza. Na kati ya kubonyeza kitufe na mhusika kuruka hupita kitambo ambacho mchezaji wa kawaida hakioni, lakini aliyeuzoea mchezo wa asili hukihisi dakika ya kwanza. Mwombe muuzaji auwashe huo mchezo hasa unaoutaka, acheze hadi hatua ya pili, akuonyeshe kwa picha ya video kabla hujatuma fedha.

Kama vijana wako wanataka ile ya zamani, kuna uamuzi wa kufanya. Bodi ya asili ya Mustafa ni ya kundi la Capcom lenye mfumo wa sauti wa QSound na betri ya ulinzi, na betri hiyo ikifa mchezo hauendi tena mpaka fundi anayezifahamu bodi hizo aingilie kati. Nakala bandia za miaka hiyo ziliondoa ulinzi huo kwa sababu hazikuweza kuuiga, na baadhi yake zilibadilisha hata upande wa sauti, kwa hiyo muziki wake ni hafifu. Matokeo yake ni ya kuchekesha kidogo: mhalifu aliyeiba mchezo ametuachia bodi isiyo na betri ya kuisha, wakati mwenye mali halali ametuachia inayohesabu siku. Kwa mchezaji wa Moshi asiye na fundi wa karibu, nakala iliyojaribiwa na kulipiwa bei ya nakala ni ununuzi ninaoweza kuutetea. Kwa mkusanyaji hapana.

Habari ya kuleta nyingi kwa biashara ni tofauti na kipande kimoja cha nyumbani. Michezo iliyomo ndani ya bodi hizo kwa kawaida haina idhini ya wenye haki, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia zinapoingia na zinapouzwa. Tena ukizifunga kwenye makabati ya sarafu, utapaswa kueleza kwamba hizi si zile mashine za kubahatisha ambazo mitaani huitwa dubwi, zinazotoa fedha kwa mshindi na zinazohitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kabla hujalipa mzigo wote, kaulize katika ofisi hizo mbili.

Swali: Mwanangu anamaliza masomo Uingereza na amenunua bodi mbili za gemu za zamani, ambazo anataka kuja nazo mwezi wa Desemba. Ameniuliza azifungeje, nami sijui la kumjibu. Je, mashine za uwanja wa ndege zinaweza kuziharibu? — *Mama wa Pasua, Moshi*

Jibu: Mama, mwambie kwanza asizifunge kwa karatasi ya fedha ya jikoni, kama wanavyofanya wengine wakidhani inazuia umeme tuli. Karatasi hiyo hupitisha umeme, na ikigusa miguu ya betri iliyo ubaoni italeta shoti, ikaimaliza betri au kuunguza njia za shaba. Kila bodi iwekwe peke yake ndani ya mfuko maalumu wa kuzuia umeme tuli, kisha izungushiwe plastiki yenye mapovu, na ibanwe kati ya vipande viwili vya boksi gumu ili isijipinde. Kama bodi ina sakafu mbili au tatu zilizopandana, zisitenganishwe. Zisukumwe tu kidogo kwa kidole kuhakikisha zimeshikana.

Mashine ya kukagulia mizigo haizifuti. Mwanga ndio wa kuogopwa: chipu nyingi za programu za enzi hizo ni za EPROM, zenye kidirisha cha kioo juu yake, na hufutwa kwa miale ya urujuanimno. Hati za watengenezaji zinataja takriban wiki moja ya jua la moja kwa moja, au karibu miaka mitatu ya taa za tyubu, kuwa zinatosha kupoteza kilichoandikwa. Kwa hiyo kila kidirisha kiwe na kibandiko kisichopitisha mwanga, na hapa kwetu zisianikwe dirishani.

Azibebe kwenye begi la mkononi. Betri iliyofungwa ubaoni haina tatizo kubwa, lakini betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, lazima awe nazo mkononi. Akiulizwa na askari wa ukaguzi, aseme ni vipuri vya mashine ya michezo na aonyeshe picha ya mchezo wenyewe kwenye simu, kwa sababu saketi kubwa yenye nyaya humtia mtu mashaka. Akifika KIA atangaze alichonacho na kutoa risiti za manunuzi. Panapotozwa kodi, hesabu itafuata thamani iliyo kwenye risiti, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18. Bila risiti, afisa wa forodha atakadiria mwenyewe.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu anayefanya kazi Osaka anataka kuniletea bodi, mashine yake ya umeme na kioo chake, vyote vya Kijapani. Ninayo televisheni ya chogo inayofanya kazi vizuri. Je, si ingetosha alete bodi tu? — *Mwalimu wa Sakina, Arusha*

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Ingetosha karibu kabisa, na kioo kibaki huko huko. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni volti 230, na kioo au pawa saplai ya Kijapani ikichomekwa ukutani bila transfoma itaungua hapo hapo. Bodi yenyewe haijali iko nchi gani, kwa sababu hulishwa volti 5, na kwa sauti volti 12. Baadhi ya za zamani hudai pia volti 5 hasi. Pawa saplai ya kompyuta kuukuu inaweza kuiwasha, ingawa zile za miaka ya karibuni hazina tena hiyo volti 5 hasi. Bora zaidi ni pawa saplai ya mashine za gemu yenye skrubu ya kurekebisha, na kipimo kichukuliwe juu ya bodi yenyewe, si kwenye pawa saplai, kwa kuwa volti hupungua njiani ndani ya waya mwembamba. Ikishuka chini ya 4.75 mchezo huanza kujizima na kujiwasha, na wengi hudhani bodi imeharibika.

Televisheni ya chogo ndiyo kioo chake cha asili, maana bodi nyingi za miaka hiyo hutoa picha ya kilohezi 15, mwendo ule ule wa televisheni za zamani. Tofauti ni kwamba bodi hutoa rangi nyekundu, kijani na bluu katika waya tofauti, wakati televisheni nyingi zilizouzwa hapa hupokea picha kupitia tundu moja la njano. Kwa hiyo mjukuu aongeze kisanduku ambacho wapenzi wa bodi hizi hukiita supagani, chenye kiunganishi cha JAMMA, matundu ya fimbo, na kigeuzi cha kupeleka picha kwenye tundu hilo. Fundi asiunganishe rangi za bodi moja kwa moja ndani ya televisheni bila rezista, kwa sababu nguvu yake inazidi volti 0.7 ambazo televisheni inazitarajia. Na asifungue chogo kama hajazoea, kwani umeme mkali hubaki ndani hata baada ya kuzimwa.

Mjukuu aepuke mchezo uliochorwa kwa kioo kilichosimama, kama 1942, la sivyo utalazimika kuilaza televisheni ubavu, nayo rangi zake zitaingia madoa kwa sababu ya sumaku ya dunia. Aepuke pia michezo ya Atari ya mistari ya mwanga, kama Asteroids ya mwaka 1979 na Tempest ya mwaka 1981, ambayo haichoreki kwenye televisheni yoyote bali kwenye kioo chake maalumu. R-Type ya Irem, ya mwaka 1987, huchora picha takriban 55 kwa sekunde badala ya 60. Chogo chako huenda kikaimudu kwa kurekebishwa kidogo, lakini televisheni bapa nyingi huikataa.

Swali: Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Wateja wameanza kuniletea bodi hizi, na mmoja anasafiri kwenda China na Japani. Nimwagize nini? — *Fundi wa Unga Limited, Arusha*

Jibu: Fundi mwenzangu, mwagize viunganishi vya JAMMA vya meno 56 visivyopungua vitano, soketi za chipu za miguu 14 hadi 40, na mchanganyiko wa chipu za 74LS. Ukifungua bodi yenye chipu za 74LS zilizotengenezwa na Fujitsu, zishuku hizo kwanza, kwa kuwa miongoni mwa mafundi zinajulikana kwa kufa. Tokyo akaingie Akizuki, duka la vipuri lililopo Akihabara. Akiwa Guangzhou, soko la Huaqiangbei lililo Shenzhen ni chini ya saa moja kwa treni ya mwendo kasi, ila chipu za zamani huko anunue kidogo na kwa tahadhari, kwa sababu nyingi zimefutwa maandishi na kuandikwa upya. Aongeze EPROM tupu na mashine ya kusomea na kuandikia chipu, ili kila bodi inayofika mezani kwako uanze kwa kuhifadhi programu yake kabla hujagusa kitu kingine.

Betri za CPS-2 ni za lithiamu, volti 3.6, za ukubwa wa nusu AA, na za dukani za volti 1.5 hazifai kabisa. Wakati wa kubadilisha, iunganishe mpya sambamba na ya zamani, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ndipo uitoe ya zamani, ili funguo zisikose umeme hata sekunde moja. Kisha andika mwezi na mwaka kwenye kibandiko juu ya betri.